Ukuta Uliopisha Makochi

Mke wa mwenye duka la dawa ndiye aliyeugundua ufa. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya sebule na dalali wakizungumzia hati, naye akawa anapitapita na futi kamba, akipima mahali pa kuweka meza ya watoto wake ya kufanyia kazi za shule. Alipofika karibu na dirisha akakuta kabati la vyombo limeziba nusu ya mwanga. Mtu yeyote aliyewahi kupanga nyumba anajua kabati halikai hivyo. Akachungulia nyuma yake.

"Baba watoto, hebu njoo," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mama Pacha, aliyekuwa mlangoni na sinia la vikombe vya chai, alijua mara moja kilichoonekana. Alishamwambia mumewe kabati livutwe, ufa uonekane, na watu wakiuliza waambiwe. Baba Pacha alimjibu kwamba yeye anauza nyumba, hatoi ushahidi mahakamani.

Sasa kabati likavutwa. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha ukapanda mshazari hadi karibu na dari, mwembamba chini, juu ukitosha kuingiza ukucha. Mwenye duka la dawa akaingiza ukucha.

"Huo ni wa lipu tu," Baba Pacha alisema. "Upo tangu wanangu wanatambaa."

"Na kabati?" yule mama aliuliza.

"Kabati limekuwa hapo siku zote."

Upande wa pili wa chumba, mbele ya macho ya kila mtu, sakafu ilikuwa na alama nne za miguu ya kabati, rangi yake bado nzito kama ya siku ilipopakwa. Mama Pacha akaweka sinia mezani, chai ikanywewa harakaharaka, na mwenye duka la dawa akasema yake taratibu, kama anayemwelekeza mgonjwa namna ya kumeza vidonge. Nyumba ameipenda. Mkewe ameipenda. Ila hatoi hata senti mpaka mhandisi wa majengo aukague ule ufa aseme nyumba iko salama, na gharama ya mhandisi ni ya anayeuza.

"Mhandisi wa kweli," mkewe aliongeza, akimwangalia dalali.


Mama Pacha alikuwa mkunga, na hospitali ilikuwa imemhamishia mji mwingine. Siku za kazi alilala huko kwenye chumba cha kupanga chenye kitanda, ndoo na msumari mmoja wa kutundikia sare. Mwisho wa wiki alirudi nyumbani kwa mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, na kwa mkwewe, bibi mzee aliyeshinda kutwa kwenye kochi kubwa la sebuleni akisikiliza redio. Walikuwa wameshaona nyumba ya kununua karibu na hospitali mpya, nyumba ya chini isiyo na ngazi, na mwenye nayo alikubali kuwasubiri hadi mwisho wa mwezi. Kilichobaki kilikuwa kuiuza hii, na kila aliporudi alikuta mauzo yako palepale alipoyaacha.

Safari hii aliomba likizo akaishika kazi mwenyewe. Alianza na ofisi ya majengo ya mji. Alikaa kwenye benchi la korido asubuhi nzima, akiangalia watu waliokuja nyuma yake wakiingia mbele yake, mpaka karani akamwita na kumtaka atoe ramani ya nyumba iliyopitishwa. Akaitoa. Karani akaigeuza huku na huku.

"Hii ni nyumba ya chini tu. Wewe umesema kuna chumba juu."

"Kipo. Kiliongezwa baadaye."

"Kiliruhusiwa na nani?"

"Na mume wangu."

Karani akaikunja ramani na kumrudishia. "Basi na aikague yeye."

Watu wa kwenye benchi walicheka, na Mama Pacha akatoka akiwa ameibana ile ramani kwapani kama mtu aliyefukuzwa kwenye mtihani. Alipofika nyumbani akamkuta dalali ameshamaliza kila kitu. Sebuleni alikuwa amesimama mtu mmoja mnene aliyevaa kofia ngumu ya kazi, ambayo bila shaka alikuwa ameivaa njia nzima. Dalali alimwita Injinia. Injinia aligonga ukuta kwa funguo, akaweka sikio, akafumba macho.

"Nyumba inapumua," alisema. "Nyumba inayopumua haina neno."

Akatoa mhuri mfukoni na kuuliza karatasi iko wapi. Baba Pacha alikuwa ameshaileta. Mama Pacha hakuwa na nguvu ya kubishana na mhuri, akampigia mwenye duka la dawa kumwambia mhandisi amefika. Mwenye duka la dawa aliuliza namba yake ya usajili. Injinia, alipoulizwa, akataja namba yake ya simu.

"Mama," mwenye duka la dawa alisema, "mnanifanya mtoto?"

Maneno hayo aliambiwa yeye, si dalali wala Injinia wala mumewe, ambao wote watatu walikuwa wanamwangalia wakingoja kusikia mambo yamekwendaje. Aliomba radhi. Aliomba radhi tena. Kisha akaenda jikoni, akafunga mlango, akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Mhandisi wa kweli alipatikana kwa njia ya mfanyakazi mwenzake, ambaye alikumbuka jina la mwanamke aliyesimamia ujenzi wa wodi mpya ya wazazi. Mwenye duka la dawa aliulizia jina hilo kwa watu wake, akaridhika. Baba Pacha hakuridhika, lakini hakuulizwa.


Alikuja asubuhi, mwanamke wa makamo, viatu vizito, mkoba uliochakaa pembeni. Baba Pacha alimkaribisha vizuri, halafu akachungulia nyuma yake barabarani.

"Mhandisi mwenyewe yuko njiani?"

"Ameshafika," mwanamke alisema, akampita.

Dalali alikuwepo pia, ameegemea mlango kama mwenye nyumba. Bibi alikuwa kwenye kochi lake na hakuona sababu ya kupunguza redio. Mhandisi aliumulika ufa kwa tochi, akautazama kwa muda mrefu pua ikikaribia kugusa ukuta, akatoka nje kutazama sehemu ileile kwa upande wa pili, akarudi akausafisha kidogo kwa kijiti chembamba. Baba Pacha alimfuata kila hatua akimweleza mchanga ulitoka wapi na saruji ilichanganywa vipi. Mwishowe mhandisi alizima tochi.

"Huu ni wa zamani," alisema. "Nyumba ilipokuwa mpya udongo ulititia kidogo, ukuta ukapasuka hapa. Ndani mna rangi ya zamani, na haikupasuka tena. Ungekuwa unafunguka ningeona. Fundi yeyote auzibe."

Baba Pacha akapiga makofi. "Nilisema mimi. Mama, nilisema au sikusema?"

"Umesema mengi," Bibi alijibu kutoka kwenye kochi.

Dalali alikuwa ameshatoa simu. Mama Pacha alihisi mabega yake yanashuka. Kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze aliona ile nyumba isiyo na ngazi kama kitu ambacho angeweza kukitia ufunguo. Lakini mhandisi hakufunga mkoba. Alikuwa amesogea kwenye mlango wa korido, anajaribu kuufungua, na mlango ulikuwa umekwama.

"Unyanyue kidogo," Mama Pacha alimwelekeza. "Usukume kwa nyonga."

"Umeanza lini kukwama?"

"Mbao ile," Baba Pacha alidakia. "Inavimba. Nimeipiga randa mara mbili."

Mhandisi aliinua macho kwenye dari, akayateremsha sakafuni. Chini ya kochi la Bibi kulipita mstari wa saruji wa rangi nyingine, upana wa tofali, ukikata chumba kutoka upande hadi upande.

"Hapa palikuwa na ukuta?"

"Hapana," Baba Pacha alisema, haraka mno.

Mhandisi hakumbishia. Aligeuka akamwangalia mke wa Baba Pacha. Hakumwangalia kwa kumshuku. Alimwangalia kama mtu anayengoja mizani itulie. Mama Pacha aliujua mtazamo huo. Yeye mwenyewe huutumia wodini, pale mwanamume anaposema uchungu wa mkewe umeanza asubuhi hii tu.

"Palikuwapo," alisema.

Ikabidi habari ya makochi ielezwe. Baba Pacha aliyanunua alipostaafu, akayabeba kwenye lori kutoka mbali, makochi makubwa yenye mikono minene, na yalipofika yakapita mlango wa mbele lakini yakagoma kukata kona ya kuingia sebuleni. Yakalala uani yamefunikwa nailoni, mvua inatishia, majirani wanatoa ushauri: yakatwe miguu, yarudishwe, yauzwe. Baba Pacha hakuwa mtu wa kuwaachia majirani ushindi. Alimwita kibarua mwenye nyundo kubwa, ukuta ukalala mchana mmoja, makochi yakaingia kama wageni wa heshima, na kila mtu akasema sebule imekuwa kubwa. Mwaka uliofuata akaongeza chumba cha juu.

Mhandisi alisikiliza bila kuandika chochote. Akatoa kamba nyembamba mkobani, akampa Mama Pacha ncha moja na kumpandisha kwenye kiti, yeye akapanda meza upande wa pili. Kamba ilipokazwa, pembeni ilibaki nafasi ya kidole kati yake na dari. Katikati, juu ya kichwa cha Bibi, dari ilikuwa imeilalia kamba.

Bibi akazima redio.

"Juu ya hapa kuna nini?" mhandisi aliuliza.

"Chumba," Baba Pacha alisema. "Na tangi la maji."

"Kubwa?"

"La kutosha nyumba nzima." Hata wakati huo sauti yake ilibaki na majivuno kidogo.

"Lina maji?"

"Limejaa."

Mhandisi alishuka mezani. "Lifungulieni maji yatoke leo. Si kesho. Halafu wekeni mirunda hapa chini, magogo yale mafundi wanayoegemezea zege bichi, kabla mtu hajalala. Ule ukuta ndio uliokuwa umebeba haya yote. Itabidi iingizwe boriti ya chuma na nguzo zake, nitawaeleza namna. Na bibi asikae hapa, hata kwa kumalizia chai."

"Mimi nimekaa hapa miaka yote," Bibi alisema.

"Ndiyo maana nasema leo, bibi."


Mhandisi alipoondoka, dalali aliwaita wenye nyumba pembeni, uani, kama daktari anayetaka kuongea na ndugu wa mgonjwa.

"Sikilizeni. Mhandisi aliitiwa nini? Ufa. Ufa una nini? Hauna kitu. Mnunuzi aliuliza ufa, atajibiwa ufa. Mengine hajauliza. Mimi namwita sasa hivi, tunamaliza biashara, yeye akitaka boriti ataweka mwenyewe."

Baba Pacha alikuwa anatazama viatu vyake. "Dalali ana hoja," alisema hatimaye.

"Hoja gani?" Mama Pacha aliuliza.

"Kila nyumba ina kitu chake. Yule anayetuuzia sisi kule, unajua nyumba yake ina nini?"

"Sijui. Ningependa aniambie."

"Ukimwambia huyu mtu, anakimbia. Akikimbia, nyumba ya kule inakwenda. Utakaa kwenye kile chumba chako mpaka ustaafu."

"Baba Pacha, wewe ulimwona yule mama anapima nini pale? Anapima meza ya watoto wake. Anapima palepale."

"Mama, nawe unazidisha," dalali alisema. "Dari haijaanguka."

"Wewe nyamaza," Mama Pacha alimwambia bila kumgeukia, na kwa namna alivyosema dalali akanyamaza. "Ule mlango naunyanyua kwa nyonga kila siku ninayokuwa hapa. Nimebeba mpaka sahani nikiwa naunyanyua. Uliupiga randa mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili hukujiuliza randa ya nini?"

"Nilijiuliza," alisema.

"Ukasemaje?"

"Nikasema ikifika ya tatu nitaita mtu."

Mama Pacha alikuwa ametayarisha maneno mengi, ya miaka mingi, kuhusu makochi na malori na watu wasioshaurika. Yote yalimwisha. Alimtazama mwanamume huyu aliyelala kila usiku chini ya dari moja na mama yake mzazi, akingoja mlango ukwame mara ya tatu, na alichohisi hakikuwa hasira. Kilikuwa uchovu tu, ule wa mtu anayerudi kazini akakuta vyombo vya juzi. Akatoa simu kwenye mfuko wa gauni.

Mwenye duka la dawa alimsikiliza hadi mwisho. Nyuma yake ilisikika droo ikifunguliwa na mteja akiuliza dawa ya kikohozi.

"Mlikuwa mnajua?" aliuliza.

Mama Pacha alimwangalia mumewe. "Mlango ulikuwa unakwama," alisema. "Hatukutaka kujua."

"Na ufa?"

"Ufa hauna neno."

"Kwa hiyo nilichokiogopa hakina neno, na nisichokiona ndicho chenye neno."

"Ndiyo, baba."

"Haya." Akamjibu mteja kwanza, kisha akarudi kwenye simu. "Nashukuru kunipigia. Tutaangalia pengine."

Dalali aliondoka bila kuaga. Baba Pacha alibaki amesimama uani kidogo, halafu akaelekea kwenye ngazi. Mama Pacha alidhani anakwenda kujifungia chumba cha juu, kama alivyozoea kukiwa na ugomvi. Baada ya muda akasikia koki inalia, na maji yakaanza kumwagika kwenye bomba la paa, yakashuka ukutani, yakafika barabarani.

Mtaa ule maji hayamwagwi bila watu kuyaona. Majirani walitoka na ndoo, madumu, mabeseni.

"Mzee, mnasafisha tangi?" mmoja aliuliza kutoka chini.

"Ndiyo," Baba Pacha alijibu kutoka juu.

"Limetoboka?" aliuliza mwingine.

"Hapana."

Wa tatu alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya mkabala, mama mtu mzima, ambaye alikuwa hapo siku makochi yalipolala uani. Yeye hakuleta ndoo. Alisimama tu na sindano zake kifuani, akiangalia maji yanavyokwenda.

"Baba Pacha, kuna nini?"

Ilionekana atamjibu kama alivyowajibu wenzake. Akainama ukingoni mwa paa, mikono kwenye magoti, suruali imelowa hadi mapajani.

"Nilibomoa ukuta ili makochi yaingie," alisema. "Sasa dari inataka kushuka. Lete ndoo uchukue maji."

"Nilikwambia yakatwe miguu."

"Ulisema."

Ndani, Mama Pacha alikuwa anamhamishia Bibi kwenye kiti cha jikoni. Bibi alilalamikia kiti, alilalamikia mgongo, akalalamikia harufu ya kitunguu, lakini alipofika akamshika mkono mkaza mwanawe, asiuachie upesi.

"Mumeo alimpigia kelele hata marehemu baba yake kuhusu ule ukuta," alisema. "Usidhani ni wewe tu, mwanangu."

Kabla giza halijaingia mirunda ilikuwa imesimikwa sebuleni, mingi kama msitu mdogo, na kwenda chooni ilibidi mtu apite ubavuubavu.


Nyumba isiyo na ngazi ilichukuliwa na watu wengine. Mama Pacha alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, na kwa muda mrefu habari za nyumbani alizipata kwa simu: chuma kimefika, chuma ni kifupi, chuma kimerudishwa, kingine kimekuja. Baba Pacha alisimamia kazi yote mwenyewe, akimpigia mhandisi kumuuliza kila msumari, mpaka mhandisi akawa hapokei simu zake baada ya chakula cha jioni. Boriti ilipokaa na nguzo zake mbili, makochi yalionekana kuzidi ukubwa wa kila kilichobaki. Yalitolewa kupitia dirishani, fremu ikiwa imeng'olewa, yakanunuliwa na mwenye hoteli. Nyumba ilichukuliwa na fundi magari na kaka yake, kwa bei ambayo Baba Pacha aliitaja mara moja tu kisha akaomba isitajwe tena. Kwa bei hiyo hawakuweza kununua karibu na hospitali. Walipata nyumba mwisho kabisa wa mji ule, ndogo, yenye ngazi tatu mlangoni.

Siku ya kufunga mizigo, mlango ulibishwa. Alikuwa mke wa mwenye duka la dawa, amesimama nje na pochi ameikumbatia, hajui aingie au aongee hapohapo. Mama Pacha akamkaribisha, akamtafutia mahali pa kukaa juu ya boksi la vyombo.

"Nimekuja kuomba namba ya yule mhandisi wenu," mgeni alisema. "Tulinunua kule mtaa wa juu, baada ya hapa. Sasa milango miwili imeanza kukwama."

"Hamkuikagua?"

Yule mama alitazama pembeni. "Haikuwa na ufa hata mmoja. Tukaona hakuna cha kukagua."

Mama Pacha alitafuta namba kwenye simu, akaiandika nyuma ya kipande cha boksi, akampa. Mgeni akashukuru, akainuka. Baba Pacha alikuwa amepiga magoti sakafuni akifunga godoro kwa kamba, na mpaka hapo alikuwa hajachangia chochote.

"Aliyewauzia yupo?" aliuliza.

"Yupo. Amehamia mtaa wa pili tu."

"Ana mke?"

"Anaye."

"Basi muulizeni kama kuna ukuta alioutoa." Akaikaza kamba, akatafuta ncha yake. "Akisema hapana, msimwangalie yeye. Mwangalieni mkewe."